Mkeo Ndiye Ajuaye Hatimiliki Iliko

"Shangazi, nina miaka 59, naishi Nakuru. Nina mke, watoto watatu, duka la vifaa vya ujenzi na shamba Njoro. Nataka kuandika wosia. Msimamizi nimemchagua mdogo wangu kwa sababu ni msomi na ana ofisi Nairobi. Mke wangu hajui makaratasi, ingawa juzi nilipokosa hatimiliki ya shamba ni yeye aliyeitoa kwenye bahasha ya kaki chini ya vitenge vyake. Tena ana hasira. Laki mbili nilizomkopesha mdogo wangu mwaka 2021 bado anazitaja. Vijana wangu wawili watatia sahihi kama mashahidi. Je, nimfiche mama yao ili nisivunje amani?"

Hongera kwa kufikiria wosia ungali na nguvu zako. Wanaume wengi wa rika lako huona kuutaja ni kujiitia kifo. Pongezi zimeishia hapo.

Mke "asiyejua makaratasi" amekutolea hatimiliki wewe mwenye shamba ukipekua droo. Risiti za duka huziweka nani? Hukusema, nami sina haja ya kuuliza. Na hasira yake umeieleza mwenyewe bila kujua: laki mbili hazijarudi. Hata mimi ningenuna.

Unajua lakini kazi ya msimamizi wa wosia? Huenda mahakamani kuomba idhini, akakusanya mali, akawadai waliokopa kwako, akawalipa unaodaiwa nao, ndipo agawe. Sasa hizo laki mbili mdogo wako atamdai nani? Ajiandikie barua ya kujitishia kesi? Fisi hakabidhiwi bucha, hata awe na digrii.

Sheria ya urithi ya Kenya haimzuii mrithi kuwa msimamizi, na inakubali wasimamizi hadi wanne. Mteue mkeo. Wa pili awe yule mtoto wa tatu, ambaye kwenye barua yako hana kazi wala jina. Nadhani ni binti, na nadhani najua kwa nini umemruka. Muulize kwanza kama yuko tayari, kwa kuwa anayeteuliwa ana haki ya kukataa.

Vijana wako wasishuhudie. Shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia hukipoteza, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Mwite jirani na mzee wa kanisa, wote wawili wakuone ukitia sahihi.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Kitanda kimoja, lakini kila mtu na nywila yake, chama chake cha siri, na ploti ambayo mwenzake ataisikia matangani mbele ya wakwe. Mtu amepikiwa miaka yote hiyo na mikono ile ile, ila siri za mali anampelekea ndugu yake Nairobi! Mficha maradhi, kilio humfichua. Amani unayoilinda ni yako peke yako. Mkeo utamwachia kesi na shemeji yake, duka limefungwa, na wewe huwezi kuulizwa ulikusudia nini.

Mwambie leo jioni, kabla hujamlipa wakili hata shilingi. Akikasirika, msikilize mpaka amalize.