Uvimbe wa puru umeshatolewa, mionzi ya nini tena?

Pole kwa kuuguza, mdogo wangu. Umeuliza kwa nini dada yako kaandikiwa mionzi wakati daktari wa upasuaji kasema uvimbe wa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kautoa wote. Swali hilo lilininyima usingizi nilipotoka wodini.

Ombeni nakala ya majibu ya kinyama kilichotolewa siku ya upasuaji. Muulizeni daktari: uvimbe ulipenya ukuta wa puru kiasi gani? Tezi za limfu zilikutwa na saratani? Kingo za alipokata ni safi? Mimi tezi zilikutwa nayo. Puru imebanwa ndani ya nyonga, hakuna nafasi ya kukata kwa upana, hivyo chembe zisizoonekana kwa macho zinaweza kubaki. Mionzi inazifuata hizo. Siku hizi madaktari hupendelea mionzi itangulie. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2004 ulionyesha saratani kurudi palepale ndani ya miaka mitano kwa asilimia 6 ya waliotanguliziwa mionzi, na 13 ya waliopigwa baada ya kisu. Ila kisu kikishatangulia, mionzi bado ina kazi.

Mimi nilitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki tano hadi sita, pamoja na vidonge vya kapesitabini, dawa ya saratani ya kumeza. Mashine yenyewe haiumi. Akiambiwa alale kibofu kimejaa, atii: baada ya upasuaji utumbo mwembamba hushuka pale puru ilipokuwa, na kibofu kilichojaa huusukuma juu usipigwe.

Wiki za mwisho ndizo ngumu. Kuhara, mkojo kuchoma, ngozi ya makalioni kuchubuka, uchovu wa kulala mchana kutwa. Aseme mapema apewe dawa, na asikatize siku kwa uamuzi wake. Mapengo huipa saratani nafasi.

Sasa lile tunaloona haya kulisema. Mionzi ya nyonga husimamisha ovari. Kwa umri wa dada yako, miaka 38, hedhi itakoma na uzazi pia. Uke hukauka na kubana, tendo la ndoa likawa maumivu. Kuna vilainishi na vifaa vya kuupanua. Kama bado anataka mtoto, amwambie daktari kabla ya siku ya kwanza, siyo baada. Mumewe naye aitwe asikie, nakusihi.

Je, amewekewa mfuko wa haja au utumbo umeunganishwa? Nijibu hapa, maana ushauri wa chakula na usafi wa ngozi unatofautiana.