Nywele za Mbele Zinapungua: Je, Msuko Unazilinda au Unazimaliza?

SWALI: Shikamoo, Bi Mshauri. Nina umri wa miaka 31. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisuka rasta nyembamba mfululizo, kwa sababu nilielezwa kwamba nywele zikikaa ndani ya msuko haziguswi na hivyo hazikatiki. Miezi ya karibuni nimegundua kwamba nywele za panjani zimepungua, zaidi upande wa kushoto, na mstari wa mbele umerudi nyuma kiasi kwamba siwezi tena kubana nywele bila ngozi kuonekana. Msusi wangu anasema nisuke tena ili nywele zipumzike na pengo lisionekane. Je, zitaota? Na nisuke mtindo gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na ushauri wa msusi wako, kwa sababu ndio ulio karibu zaidi kukudhuru: usisuke sehemu hiyo kwa sasa, hata kama nia ni kuificha. Msuko hulinda urefu wa nywele, kwani ncha hufichwa, kichana hakipiti kila siku na pasi ya nywele huwekwa kando. Lakini mzizi ndio unaobeba uzito wote wa rasta usiku na mchana, na mzizi hauna wa kuulinda. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na nywele ndefu zenye afya utosini ilhali panja zake zimebaki wazi.

Hali unayoieleza inafanana sana na ile ambayo madaktari wa ngozi huiita alopesia ya mvutano, yaani kupotea kwa nywele kunakotokana na kuvutwa kwa muda mrefu. Ilielezwa katika maandishi ya kitabibu tangu mwaka 1907, kwa watu wa Greenland waliokuwa wakizifunga nywele zao nyuma kwa kuzikaza, na nalitaja hilo kwa makusudi, maana wapo wanaoamini kwamba hii ni kasoro ya nywele za kipilipili. Unywele wowote ukivutwa vya kutosha huachia. Panja huumia kwanza kwa sababu nywele zake ni laini na nyembamba, na hapo hapo ndipo msusi hukaza zaidi ili mstari wa mbele uonekane nadhifu.

Kuota tena kunategemea umefika hatua gani. Kifuko cha unywele kinachovutwa huanza kwa kuvimba: huonekana vipele vidogo kuzunguka mashina siku chache baada ya kusuka, au vijirija vyeupe vilivyouzunguka unywele, vinavyoteleza ukivivuta kwa kucha, ambavyo wengi huvidhania kuwa ni mba. Mvutano ukikoma katika hatua hiyo, nywele kwa kawaida hurudi. Ukiendelea kwa miaka, kifuko hugeuka kovu, na kovu halioti nywele hata lipakwe nini. Simama karibu na dirisha mchana, nywele zikiwa zimefumuliwa, uitazame ngozi ya panja kwa kioo. Ukiona vinyweleo vifupi, laini, na vitundu vidogo vya ngozi vikiwa bado vipo, una sababu nzuri ya kutumaini; ngozi ikiwa laini kabisa na inang'aa, usipoteze wakati, nenda kwa daktari wa ngozi, ambaye ndiye pekee awezaye kukuthibitishia hali yenyewe. Anaweza kukuandikia dawa ya kupaka kama minoksidili, ambayo haimfai mjamzito wala anayenyonyesha, au dawa ya kutuliza uvimbe. Mafuta ya nyonyo yanayosifiwa sana hulainisha unywele uliopo, lakini hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba huotesha uliopotea.

Kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na zilizochomoka huchukua muda kabla ya kuanza upya, usijipime kabla ya miezi 3. Katika kipindi hicho acha ukingo wote wa mbele, upana wa vidole viwili, nje ya mtindo wowote. Nywele zilizobaki unaweza kuzisokota mbili mbili bila rasta, ziwe nene na zilizolegea, na usizibane juu. Ukivaa wigi, isiwe ya gundi wala yenye mpira unaobana panjani, na ivuliwe kabla ya kulala. Lala na kitambaa cha satini ambacho fundo lake halikai kwenye paji la uso. Dawa ya kulainisha nywele usiiguse kabisa, kwa sababu nywele zilizowekwa dawa kisha zikasukwa ndizo zilizo katika hatari kubwa zaidi.

Utakaporudi kusuka, chagua mistari mikubwa, rasta fupi na nyepesi, na mwombe msusi aanze na nywele zako peke yake kisha aongeze rasta kidogo kidogo kadiri anavyoshuka, ili pasiwe na fundo zito kwenye shina. Nimesuka vichwa vya watu miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na kipimo changu ni kimoja: itazame ngozi kwenye kila shina, na ukiiona imeinuka kama kilima kidogo, msuko huo ufumuliwe pale pale, mteja akiwa bado kitini. Wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike, na msemo huo hutumika saluni kuwanyamazisha wanaolia. Mteja anayemeza dawa ya maumivu ili apate usingizi baada ya kusuka hakusukwa, ameumizwa. Msuko usikae zaidi ya wiki 6 hadi 8, na ukifumua zipe nywele wiki kadhaa kabla ya kusuka tena.

SWALI: Nimejifungua miezi 4 iliyopita na nywele za mbele zinatoka kwa wingi kila ninapooga. Sijasuka tangu nikiwa mjamzito. Je, nisuke ili kuzizuia zisitoke?

JIBU: Hongera kwa kujifungua, mwanangu. Wakati wa ujauzito nywele nyingi hubaki kichwani muda mrefu kuliko kawaida, kisha huachia kwa pamoja miezi michache baada ya kujifungua, na panjani huonekana zaidi. Kwa kuwa zilikwisha kuachia mizizini, msuko hautazizuia; utaongeza tu uzito kwa zile changa zinazochipua. Zifunge kwa kulegeza, uchane taratibu kuanzia kwenye ncha, na uwe na subira, kwani kwa walio wengi hali hii hutulia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Ikiwa nyusi nazo zinapungua, au unajisikia uchovu usio wa kawaida, mweleze daktari ili akupime damu na tezi ya shingo.