Wewe wa Malindi: tarehe ya operesheni haisogezwi kwa sababu ya majani

Usiahirishe. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba mzee wako ana saratani ya utumbo mpana, amepangiwa upasuaji wiki ijayo, na kuna mtu amewauzia majani ya kuchemsha "yanayovunja mifupa ya seli" ili saratani isitembee, kwa hiyo mnataka kumwomba daktari asogeze tarehe miezi mitatu muone kwanza. Ukauliza kama hizo protini za mifupa ya seli zipo kweli, mzee ale nini, na kama nyinyi watoto mnapaswa kupimwa.

Zipo. Na hapo ndipo mtego ulipo. Angewaletea uongo mtupu mngemfukuza mlangoni. Mtu huyu, au pacha wake, maana huku Lamu wetu alikuwa wa sampuli hiyo hiyo, "Dkt." mbele ya jina na koti jeupe kwenye picha ya WhatsApp, anachukua jambo la kweli la maabara, analitia kwenye mfuko wa nailoni na kuliuza shilingi 3,500. Udaktari wa nini, hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa wa kwanza kutouliza.

Sayansi yenyewe iko hivi, na msinicheke, bayolojia nilipata D. Haya nimeyasoma usiku nikilinda mgonjwa. Ndani ya kila seli mna nyuzi za protini, ndizo hiyo "mifupa": aktini, ambazo ndizo nyembamba kuliko zote, mirija iliyojengwa kwa tubulini, na nyuzi za kati kama keratini. Ni mataruma ya jahazi, yaani mbavu zake, ila haya hubomolewa upande mmoja na kujengwa upande wa pili huku chombo kikiwa majini. Seli za utando wa utumbo zisizo na ugonjwa zimeshikana ubavu kwa ubavu kwa protini iitwayo E-kadherini, ambayo kwa ndani imefungwa kwenye aktini. Haziendi popote. Sasa katika saratani nyingi za utumbo mpana, jeni ya APC, ambayo kazi yake ni kuzuia protini iitwayo beta-katenini isizidi, huwa imeharibika. Beta-katenini, ambayo kazi yake nyingine ni kusaidia kushikiza E-kadherini, inarundikana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni zilizotakiwa zilale. Mojawapo ni ya protini iitwayo fasini. Fasini hufunga nyuzi za aktini matita matita, na seli inaota vidole vyembamba vya kupenyezea. Seli za ukingoni mwa uvimbe zinapunguza E-kadherini, zinaanza kutengeneza vimentini, aina nyingine ya nyuzi za kati, zinaachana na wenzao, zinapita msuli wa utumbo hadi kwenye tezi za limfu, vile vituo vya kinga ya mwili, na mishipa ya damu. Na damu itokayo utumboni hupitia ini kwanza. Ndiyo maana ugonjwa huu ukihama, mara nyingi hukutwa kwenye ini.

Yote hayo yule bwana aliyaeleza vizuri, tena kwa michoro ya rangi. Ami yangu alikuwa amepangiwa upasuaji Mombasa. Skani ilionyesha uvimbe uko upande wa kushoto na ini ni safi. Aliyempigia daktari simu kuahirisha ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na bando, mwerevu wa ukoo. Daktari alinyamaza, kisha akaniuliza, "Umeelewa unachokiomba?" Nikamwambia nimeelewa. Nikamtumia na video ili naye aelimike.

Majani yenyewe yalikuwa ya lile ua la petali tano, la waridi au jeupe, asili yake Madagaska, ambalo limejaa kwenye nyua za watu pwani nzima. Hapa pia alikuwa na nusu ya ukweli mkononi. Ua hilo lina vinkristini na vinblastini, dawa za hospitali kabisa, zinazokamata tubulini na kuzuia seli isigawanyike. Zinatibu saratani ya damu ya watoto na saratani za tezi za limfu. Ya utumbo mpana haitibiwi nazo. Isitoshe, kupata gramu moja ya vinkristini huhitaji karibu nusu tani ya majani makavu, na sisi tulikuwa tukitia viganja viwili kwenye sufuria ya chai. Kipimo kikiwa kidogo, ni maji machungu tu. Kikiwa kingi, chembe nyeupe za damu zinashuka na mishipa ya fahamu inaumia, ikiwemo ya utumbo, kwa sababu nayo husafirishia vitu vyake kwenye mirija hiyo hiyo ya tubulini. Choo kinafunga. Mtu ana uvimbe utumboni, nawe unatafuta cha kumfunga choo! Hata mchawi angeona haya.

Ami akanywa. Damu chooni ikapungua, akaanza kutembea hadi baraza za Langoni, nami nikaandika shukrani ndefu kwenye kikundi cha yule bwana. Damu ya uvimbe wa utumbo huja na kuacha yenyewe, lakini nani alitaka kusikia hilo? Yule bwana akaipiga picha shukrani yangu akaifanya tangazo. Hela imeniuma ikaisha. Hili haliishi: maneno yangu yamemuuzia mtu mwingine majani, na huenda yamefika mpaka kwenu.

Kisha tumbo likaanza kujaa. Alipoanza kutapika niliyempigia kwanza ni yule bwana, naam, yeye, akaniambia furahini, ni sumu inatoka. Usiku huo utumbo ukaziba kabisa. Mashua mpaka Mokowe, gari la wagonjwa, Witu, Garsen, Malindi yenu tukaipita gizani, hadi Mombasa. Operesheni ikawa ya dharura, mgonjwa amekauka maji na hakuandaliwa, wakati ingekuwa ya kupangwa, mtu amelala vizuri na vipimo vyote viko mezani. Wakautoa uvimbe, wakamwekea mfuko wa choo tumboni, na ini likaonekana na madoa ambayo kwenye skani ya kwanza hayakuwepo. Takwimu za Marekani zinasema ugonjwa huu ukikutwa bado uko utumboni, kama watu 9 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ukishafika viungo vya mbali, hawafiki 2 kati ya 10. Nilimtoa ami kwenye hesabu ya kwanza nikamtia kwenye ya pili kwa simu moja, tena simu ya bure. Kemo, zile dawa za hospitali za kuua seli za saratani, hakuimaliza.

Yule bwana alinifungia namba kabla ya arubaini.

Najua mtaniambia wenu ni tofauti, majani ni mengine. Haya, tuchukulie yanavunja aktini kama anavyodai. Sumu za aktini zipo kweli. Latrunkulini ilipatikana kwenye sifongo wa Bahari ya Shamu, na inabaki maabara. Mgonjwa hapewi, kwa kuwa aktini hiyo hiyo ndiyo inayokaza moyo na ndiyo inayozitembeza chembe nyeupe zinazomlinda. Seli ya saratani nayo ukiifungia mwendo mmoja hubadili: huacha vidole, ikajiviringa na kujipenyeza kama amiba. Na hata kama zote zingeganda palepale, uvimbe ungeendelea kukua hapo hapo ulipo. Uliomziba ami haukuhitaji kutembea hata inchi moja. Kinachozuia seli za uvimbe wa mzee wako zisihame ni uvimbe wenyewe kutolewa tumboni na kwenda maabara ndani ya chupa ya formalini, tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Majibu ya maabara yakitoka angalieni tezi za limfu zilizochunguzwa. Kipimo kinachokubalika ni zisipungue 12, ndipo ijulikane kama kemo inahitajika. Ikihitajika, mtasikia majina kama fluorourasili, kapesitabini na oksaliplatini. Hakuna hata moja inayochemshwa.

Habari ya chakula, na ya nyinyi watoto kupimwa, zimenipita, wengine watakujibu. Hela mliyompa msiende kuidai sasa, atawapotezea siku kwa maneno. Kama shida ni pa kulala kwa anayemlinda mgonjwa, na kwa sisi wa mbali hiyo ndiyo huanza kuwafanya watu wasogeze tarehe, niandikie faraghani leo. Nina jamaa Mombasa, ana chumba, na hapendi maswali mengi.