Maswali na majibu: sukari ya ubongo na homa ya uti wa mgongo

Mwanangu alitolewa maji mgongoni, sukari ikasoma 2.4 (mmol/L). Nini maana yake? (Mzazi, Tanga)

Sukari ya damu ilikuwa ngapi saa hiyohiyo? Hukuandika, na swali hili kila mara naletewa likiwa nusu. Sukari ya maji ya mgongoni, yaleyale yanayozunguka ubongo, huwa kama theluthi mbili ya ile ya damu. Damu ikiwa 3.6, hiyo 2.4 ni ya kawaida. Damu ikiwa 8, tunawaza homa ya uti wa mgongo ya bakteria, kifua kikuu au fangasi. Mtoto achomwe kidole kabla ya kuchomwa mgongo!

Ni bakteria wanaoila sukari hiyo? (Mwanafunzi wa uuguzi, Morogoro)

Kwa sehemu ndogo. Uvimbe huzuia sukari kupita kutoka kwenye damu, na ubongo wenyewe huichoma kwa wingi bila oksijeni ya kutosha, ndiyo maana asidi ya laktiki hupanda. Seli nyeupe nazo hula, na haziachi hata zikiwa kwenye kichupa. Sampuli ikikaa saa kadhaa mezani, sukari hushuka, mgonjwa akaandikiwa ugonjwa asio nao. Tumieni kichupa chenye floraidi, kemikali inayozizuia seli kula sukari.

Virusi navyo huishusha?

Mara nyingi, hapana.

Mjukuu ana malaria, akapata degedege. Nilitaka kumnywesha maji ya sukari, nikakatazwa. (Bibi, Kilwa)

Shikamoo bibi. Sukari uliiwaza vyema, ila asiyejitambua hanyweshwi kitu, kitaingia mapafuni. Ubongo wa mtu mzima ni kama 2% ya uzito wake lakini hutumia takribani 20% ya nishati, wa mtoto huzidi hapo, na akiba yake ni ndogo mno. Malaria kali hushusha sukari ya damu, hata chini ya 2.2, na mtoto hufa au hubaki na ulemavu huku watu wakitafuta mganga wa degedege. Mkimbizeni kituoni, apimwe kidoleni, apewe glukosi mshipani. Na anayetibiwa kwa kwinini apimwe tena na tena, hasa mjamzito: dawa hiyo huchochea insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu.

Ni kweli kutolewa maji mgongoni hupoozesha?

Sindano huingia chini ya pale uti wenyewe, yaani neva kuu iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, unapoishia. Ulemavu mwingi mnaousimulia huletwa na ugonjwa uliocheleweshwa. Mkikataa kipimo, au kikikawia kwa sababu yoyote, antibiotiki zianze bila kukingoja.