Kabla hujauamini mkono wako kwenye meza ya krapsi

Mara ya kwanza nilipojaribu kurusha dadu "kitaalamu" kwenye krapsi, mchezo wa kamari wa dadu mbili, moja iliruka ukuta wa meza ikatua kwenye chipu za kamari za jamaa aliyesimama upande wa pili. Msimamizi akaiomba, akaigeuzageuza vidoleni akiikagua kila upande, kisha akairudisha bila neno. Wachezaji wa krapsi wana imani yao kwamba dadu ikitoka nje ya meza, jumla ya saba inafuata, nayo ndiyo inayokula dau za wengi. Mrusho uliofuata nikatoa saba. Meza nzima ikaliwa kwa mkupuo, na hakuna aliyenitazama usoni.

Nilikuwa nimetoka kufanya mazoezi wiki mbili, juu ya kitanda changu. Naanzia hapo, maana naona wengi wanaopenda mambo ya kudhibiti dadu wanapita njia ileile.

Godoro linameza kila kosa. Dadu inaanguka, inakaa, wewe unajisifu. Meza ya kasino haina huruma hiyo: ina urefu wa futi 12 au 14, kitambaa chake kimetandazwa juu ya ubao, na ukuta wa mwisho umevikwa mpira wenye vinundu vya umbo la piramidi. Vinundu vile viliwekwa makusudi ili kuvuruga kazi yako, na sheria inakutaka dadu zote mbili zikaguse pale. Kwa hiyo tengeneza uwanja unaofanana na meza. Mimi nilichukua ubao mrefu, nikautandika zulia jembamba, nikasimamisha mwishoni sponji ya vinundu kama trei ya mayai. Si meza, lakini inakukatalia pale meza ingekukatalia. Na utafute dadu za aina ya kasino, zenye kingo kali na upana wa robo tatu ya inchi. Zile za michezo ya watoto zina pembe za mviringo, hujiviringishia tu, hazikufundishi kitu.

Ukishapata uwanja, kazi kubwa iko kwenye vidole. Hapa ndipo nilipopoteza miezi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mshiko ninaoutumia ni wa vidole vitatu mbele na kidole gumba nyuma. Dadu mbili zinakaa bega kwa bega, zimegusana kabisa. Shahada, cha kati na cha pete vinalala kwenye uso wa mbele, gumba linakaa nyuma kwenye mstari zinapokutana. Nguvu ya kushika ni ile ya kushika yai bichi. Ukibana, dadu zinaachana kwa nguvu mkono unapofunguka, kila moja inakwenda na safari yake.

Kwa muda mrefu nilidhani mshiko wangu uko sawa. Kilichonifumbua macho ni vitu viwili vya bei rahisi: dadu za rangi mbili tofauti, na kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole. Nyekundu niliiweka kushoto, ya bluu kulia. Nilipotazama picha, nyekundu iliondoka vidoleni kwanza, na ya bluu ikafuata nyuma kidogo sana, kama mtoto anayevutwa mkono sokoni. Kwa macho ya kawaida huwezi kuona. Lakini ule ucheleweshaji ulitosha: hewani zilikuwa hazizunguki pamoja, na zikifika chini moja ilikuwa imelala bapa na nyingine inatua kwa pembe. Chanzo kilikuwa gumba. Halikukaa katikati, lilikuwa limeegemea dadu ya kulia, nalo liliizuia sehemu ndogo ya sekunde. Nikalisogeza upana wa punje ya mchele. Ilinichukua wiki tatu mkono kukubali sehemu mpya.

Mkono wenyewe usiupeleke kama anayerusha jiwe. Uache ubembee kutoka begani, polepole, kifundo kikiwa kimetulia. Dadu zinaachwa mkono ukiwa unapanda, zinapaa kwa upinde wa wastani, na mzunguko wake uwe wa kurudi nyuma, kuelekea kwako. Mzunguko huo ndio breki. Dadu ikigusa kitambaa ikiwa inazunguka kurudi nyuma, mwendo wake wa kwenda mbele unapungua, inaufikia ukuta ikiwa imechoka, inagusa, inakaa. Lenga iangukie hatua fupi kabla ya ukuta, si kuugonga ukuta moja kwa moja. Ukiona dadu zako zinarudi hadi katikati ya meza, unatumia nguvu mara mbili ya inayohitajika.

Simama jirani na mshika fimbo, yule mfanyakazi anayezisogeza dadu kwa fimbo, kushoto au kulia kwake kutegemea mkono wako. Umbali unakuwa mfupi. Basi, hilo halina maneno mengi.

Mpangilio wa namba kabla ya kurusha ndio kitu kinachozungumzwa kuliko vyote, na nadhani kinapewa heshima kuliko kinavyostahili. Hata hivyo hesabu yake ni nzuri. Chukua mpangilio wa pacha: 1 na 6 zinatazama pembeni kwenye dadu zote mbili, na 3, 2, 4, 5 zinazunguka kama tairi, namba 3 zote mbili zikiwa juu na namba 2 zote mbili zikitazama mbele. Dadu zikizunguka pamoja bila kuachana, unapata pacha, yaani namba mbili zinazofanana. Moja ikizidi robo mzunguko, unapata 5, 6, 8 au 9. Saba inakuja pale tu moja inapoizidi mwenzake nusu mzunguko. Ndiyo maana watu wanaupenda.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa kozi huliruka. Dadu zako zikikaa kwenye mhimili wake, yaani 1 na 6 zibaki pembeni, lakini kila moja izunguke kivyake, basi una matokeo 16 yanayowezekana na manne kati yake ni saba. Hiyo ni robo! Mtu anayerusha hovyo kabisa anatoa saba mara 6 katika matokeo 36, yaani moja kwa sita. Udhibiti nusu kwa mpangilio huo umekupeleka pabaya zaidi kuliko kutokuwa na udhibiti wowote. Ndiyo maana mimi baada ya pointi kuwekwa (namba ya kurudiwa, naieleza hapa chini) natumia mpangilio wa V: namba 3 zote mbili juu, vidoti vyake vikichora herufi V. Hapo dadu moja inazunguka kwa 3, 4, 6 na 1, nyingine kwa 3, 4, 2 na 5. Katika matokeo yale 16, saba ni mbili tu. Kwa mkono ambao bado haujakomaa, unasamehe zaidi.

Kwa asiyejua mchezo: mrusho wa kufungua ukitoa 7 au 11, dau la pasi-laini, lile la msingi la mchezo huu, linashinda. Ukitoa 2, 3 au 12, linaliwa. Namba nyingine yoyote inakuwa pointi, na unatakiwa kuirudia kabla 7 haijatoka. Kwa hiyo saba ni rafiki mwanzoni na adui baadaye.

Sasa daftari.

Nilianza kuandika kila mrusho wa mazoezini, namba zote mbili, bila kuacha ile mibaya. (Kishawishi cha kusema "huu hauhesabiki, niliteleza" ni kikubwa ajabu. Ukianza kusamehe, choma daftari.) Katika mirusho 1,200 ya kwanza nilipata saba 188. Kwa bahati tupu zingetarajiwa 200. Nilitembea kwa maringo siku kadhaa. Nikaongeza dau mezani. Mirusho 1,200 iliyofuata, kwa mkono uleule na mshiko uleule, ikatoa saba 207.

Jumla 395, palipotarajiwa 400. Maringo yote yale yalikuwa ya saba tano.

Nikakaa chini na kalamu, kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwanzo. Chukua dau la kuweka kwenye 6 au 8, yaani kwamba namba hiyo itatoka kabla ya 7. Kasino inalipa 7 kwa 6, na faida yake ni kama asilimia 1.52. Nilijiuliza: saba zikipungua kiasi gani, na nafasi zake zikagawanywa sawia kwa namba nyingine, faida hiyo inafutika? Jibu ni saba moja kwa kila mirusho 6.14. Si 7, wala si 8. Kutoka 6 kwenda 6.14 tu na meza imekuwa sawa kwa sawa. Nilisisimka kweli, maana tofauti ndogo vile inaonekana kama kitu ambacho mtu wa mazoezi anaweza kukifikia.

Kisha nikafanya nusu ya pili ya hesabu. Bahati yenyewe hupandisha na kushusha idadi ya saba. Katika mirusho 1,200, kupungukiwa au kuzidisha saba 13 hivi ni jambo la kawaida kabisa. Ili tofauti ya 6 na 6.14 ijitokeze waziwazi juu ya mawimbi ya bahati, unahitaji mirusho kama 37,000. Ni mirusho 100 kila siku, mwaka mzima, bila kupumzika hata sikukuu. Kiasi kinachotosha kuishinda kasino ni kidogo mno kukiona, na kiasi unachoweza kukiona baada ya wiki chache ni kikubwa kuliko mkono wa mtu unavyoweza kufanya. Tangu siku hiyo kila anayeniambia "mimi nimeshaudhibiti" namuuliza swali moja: ni mirusho mingapi umeandika?

Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 2004, pale Stanford Wong, mtaalamu maarufu wa mchezo wa karata wa blackjack, alipoweka dau na mcheza kamari mwingine kwamba timu yake ingetoa saba chini ya 79.5 katika mirusho 500. Kwa bahati tupu zinatarajiwa 83 na kitu. Walitoa 74, wakashinda. Watu wanautaja kama ushahidi. Ukiipiga hesabu, hata mtu anayerusha amefumba macho anaweza kupata 74 au pungufu takriban mara moja katika majaribio saba. Kwa dau lao ilitosha, lakini usiitumie kujengea imani.

Na upande mwingine kuna Patricia Demauro. Mwaka 2009, kwenye kasino ya Borgata kule Atlantic City, alishika dadu kwa muda wa saa nne na dakika 18, mirusho 154 kabla ya saba kumtoa. Hakuwa mtaalamu wa kurusha, wala meza hiyo hakuwa ameizoea. Kwa kawaida mrushaji hupata mirusho kama minane na nusu.

Je, niache mazoezi? Sijaacha. Ila nimebadilisha ninavyoyatumia mezani, na hapa nakushauri kama ambavyo ningependa mtu angenishauri. Mpaka daftari lako liongee, beti kana kwamba mkono wako hauna uwezo wowote. Pasi-laini, ambako kasino inakula asilimia 1.41. Ukishapata pointi, weka odi, yaani dau la nyongeza, nyuma yake: hiyo inalipwa kwa uwiano halisi, 2 kwa 1 kwenye 4 na 10, 3 kwa 2 kwenye 5 na 9, 6 kwa 5 kwenye 6 na 8, na kasino haina faida hata senti. Dau za katikati ya meza usiziguse. Dau la "saba yoyote" linaipa kasino asilimia 16.67, na hakuna kidole gumba duniani kitakachorekebisha hilo. Nimeona warushaji wenye mkono mzuri kuliko wangu wakizimaliza chipu zao pale katikati, huku wakipanga dadu kwa makini kama fundi saa.

Na heshimu wafanyakazi wa meza. Mkono mmoja tu kwenye dadu, usizihamishe mkono mwingine. Zibaki juu ya meza wanapoweza kuziona. Kupanga namba kusizidi sekunde mbili tatu, kwa hiyo jifunze kuzigeuza gizani. Siku moja msimamizi wa kasino moja alinibana kila mrusho, "Rusha kaka, rusha," nami nikaanza kubishana badala ya kurusha. Mabishano yale yalikaza bega langu kwa saa nzima. Siku hizi wakinihimiza naitikia "sawa kiongozi," nazirusha hata kama V haijakaa vizuri. Na mrusho mmoja ukigonga ukuta wa pembeni badala ya wa mwisho, hawatakufukuza. Mitatu mfululizo, wataanza kukuangalia kwa jicho jingine.

Pumzika mapema. Daftari langu linaonyesha kwamba baada ya mirusho kama 60 kwa kikao, dadu huanza kutawanyika, na simu inathibitisha: gumba linarudi lilikotoka.

Juzi nilifika mrusho wa 11,400. Kwa bahati tupu ningekuwa na saba 1,900. Ninazo 1,893, na ile ya bluu bado inachelewa kidogo nikichoka.