Maswali na Majibu: Lita Zilizoandikwa kwenye Boksi la Skima

Swali: Ni skima gani nzuri na ya bei nafuu kwa tangi la samaki wa maji chumvi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Skima ni chombo kinachotia viputo vya hewa katika maji ili povu lishike uchafu, lipande shingoni na kuangukia kikombeni. Swali hili limenifikia mara tano mwezi huu, na hakuna hata mmoja kati ya waulizaji aliyetaja ukubwa wa tangi lake, idadi ya samaki wake, wala kama ana tangi la chini la kuwekea vifaa. Ni sawa na kumwendea fundi cherehani ukamwuliza bei ya kanzu bila kumwambia itavaliwa na mtoto au na mtu mzima. Nitajibu mara hii kwa urefu. Atakayeuliza tena bila vipimo asinilaumu nikimpita.

Lita zilizoandikwa kwenye boksi, yaani ukubwa wa tangi ambao skima inasemekana kuutosha, zisikuongoze. Namba hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, na kwa kawaida humfikiria mtu mwenye samaki wachache wanaokula kidogo. Kazi ya skima haitokani na wingi wa maji bali na wingi wa chakula unachokitia humo. Tangi la lita 300 lenye samaki klauni wawili na kamba mmoja huwa na uchafu mdogo kuliko tangi la lita 200 lenye kikande anayetafuna ngisi na kutapanya nusu yake. Mwenye samaki wengi na achukue skima iliyoandikiwa takriban mara mbili ya maji yake. Mwenye samaki wachache na achukue inayolingana na tangi lake, asizidishe sana, kwa sababu skima kubwa mno katika maji yenye uchafu mdogo haipati cha kushika, na povu lake hupanda nusu ya shingo kisha likaanguka.

Ukishamaliza hesabu hiyo, angalia kama impela ya pampu yake (kile kijigurudumu chenye mapanga kinachozunguka ndani yake) inauzwa peke yake, kama kikombe kinatoka bila kupigana nacho, na kama kina cha maji inachokitaka ndicho ulicho nacho. Chapa iwe jambo la mwisho. Ken Feldman wa chuo kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, aliyezipima skima kadhaa kwenye miaka ya 2009 na 2010, alikuta kwamba zinaondoa takriban asilimia 20 hadi 30 tu ya mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini, na bei kubwa haikumletea mnunuzi tofauti ya kulingana nayo.

Swali: Nina tangi la lita 60 na klauni wawili. Je, ninahitaji skima? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Huhitaji. Badilisha lita 6 hadi 9 za maji kila wiki, na fedha hiyo ununulie kipimo kizuri cha chumvi.

Swali: Nafuga samaki wa Ziwa Nyasa. Skima itanisaidia kupunguza uchafu? (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Haitakusaidia. Chumvi ndiyo inayozuia viputo vidogo visiungane. Katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huungana, vikawa vikubwa, vikapanda haraka kabla uchafu haujavishika. Anayetaka kuiona kanuni hii bila kununua chochote aende ufukweni wakati wa kusi, alitazame lile povu la rangi ya udongo linaloachwa mchangani na mawimbi: ni mabaki ya mwani na viumbe wengine yaliyojishikiza kwenye viputo. Skima inafanya hivyo hivyo ndani ya bomba, kisha inalikamata povu kikombeni kabla halijarudi majini.

Swali: Nilinunua skima wiki iliyopita. Siku ya kwanza ilifurika, tangu hapo haitoi kitu. Niirudishe dukani? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

Jibu: Usiirudishe bado. Skima mpya hutoka kiwandani na utandu wa mafuta katika plastiki yake, na huhitaji siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki mbili, kabla povu halijatulia. Wakati huo usiichezee kila saa. Irekebishe kidogo, kisha iache hadi kesho yake. Angalia pia kina cha maji inamosimama. Ikiwa iko katika chumba kile cha tangi la chini ambacho maji yake hupungua kwa kukauka, basi kila siku inafanya kazi katika kina tofauti, na hutaweza kuirekebisha hata ukikesha nayo. Ihamishe kwenye chumba ambacho kina chake hakibadiliki, na ikizama mno iinue juu ya kibao cha plastiki.

Halafu kuna mikono. Ukiingiza tangini mkono uliopakwa mafuta ya nazi, povu litakufa kwa saa nyingi. Vyakula vya kugandishwa vyenye mafuta hufanya vivyo hivyo, ilhali dawa za samaki na gundi za kushikizia matumbawe huweza kuifanya ifurike. Kabla ya kumshutumu mwuza duka, kumbuka ulitia nini.

Swali: Ndugu yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia skima yake ya zamani. Fundi ameniambia transfoma itatosha. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokugharimu. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Wa kwetu ni wa volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hushusha volti, lakini hezi inaziacha zilivyo. Pampu nyingi za skima zina mota inayofuata hezi za umeme: ile inayozunguka mara 3,600 kwa dakika kule itazunguka mara 3,000 hapa. Mzunguko ukipungua kwa sehemu moja ya sita, hewa inayovutwa hupungua na viputo hukatwakatwa vibaya, na pampu yenyewe huenda ikapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Mwambie akutumie chombo bila pampu, nawe ununue pampu ya hezi 50 inayolingana nacho, ikiwa ipo. Wenye jamaa Muscat au Dubai wana nafuu, kwa maana umeme wa huko unalingana na wetu.

Skima yoyote iliyokwisha kutumika ijaze maji ndani ya beseni kwanza, uone kama gundi ya maungio inavuja. Muulize pia mwenyewe kama aliwahi kutia dawa ya shaba tangini, kwa kuwa shaba huua kamba na matumbawe kwa kiasi kidogo sana.

Swali: Je, naweza kujitengenezea skima kwa bomba la plastiki? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Unaweza, na ninatamani wengi wangelianzia hapo, kwa sababu anayeitengeneza huelewa kinachofanyika. Chukua bomba la maji ya kunywa, si la maji machafu, lenye upana wa sentimita 7 hadi 10 na urefu usiopungua nusu mita. Maji yaingie karibu na juu na yatoke chini, ili yashuke yakipambana na viputo vinavyopanda. Kadiri yanavyokutana kwa muda mrefu ndivyo uchafu unavyoshikwa. Bomba la kutokea lipandishwe tena juu, na urefu wake ndio utakaoamua povu lisimame wapi. Chini kabisa weka kijiwe cha hewa cha mbao, kwa kuwa vile vya kawaida hutoa viputo vikubwa. Hapa ndipo unafuu unapopungua: mbao hiyo huziba, na utaibadilisha kila baada ya wiki chache, na pampu ya hewa lazima iwe na nguvu ya kusukuma hadi kina hicho. Gundi iache ikauke kabisa kwa siku kadhaa, kisha suuza. Usitumie kiungio chochote cha shaba. Pampu ya hewa iwe juu kuliko maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwa mpira hadi ndani yake.

Swali: Nimenunua skima ya bei kubwa lakini nitreti bado ni 80. Nimetapeliwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Umejitapeli. Skima haiondoi nitreti wala amonia. Huondoa mabaki kabla hayajaoza na kuwa hivyo. Katika barua yako ndefu umetaja kangaja watatu na kitatange wawili katika lita 250, wanaolishwa asubuhi, mchana na jioni, na hukutaja hata mara moja kubadilisha maji. Punguza samaki, lisha kinachomalizika ndani ya dakika mbili, badilisha asilimia 20 ya maji kila wiki. Ukichota bahari yenyewe, chota wakati maji yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na usichote kabisa siku za mvua kubwa za masika.

Na kwa kuwa umeuliza pia pembeni kuhusu kuchukua matumbawe Watamu: hifadhi ile ni ya bahari tangu 1968, hakitolewi kitu humo.

Swali: Skima ina kelele. Naweza kuizima usiku? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Usiizime. Usiku mwani hautoi oksijeni bali unaitumia, na maji ya nyuzi 28 hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo ndio wakati ambao viputo vyake vinahitajika zaidi. Kelele nyingi hutokana na tundu la hewa lililozibwa na chumvi: lipitishie maji yasiyo na chumvi yaliyopashwa moto kidogo, na pampu iloweke katika siki iliyochanganywa na maji kila miezi mitatu. Shingo ya kikombe ifutwe kila baada ya siku mbili au tatu, maana utando ukiganda humo povu halipandi. Umeme ukikatika, maji ya juu hushukia tangi la chini, na skima huzama kuliko kawaida; ukirudi, iache dakika kumi kabla ya kuiwasha, ama sivyo utakuta uchafu wa wiki nzima umemwagika sakafuni.