Usimpandishe mtu gari kabla hajaandikwa (kwa aliyeuliza kuhusu kusaidia waliovuka mpaka)

Mdogo wangu, usimpandishe mtu gari. Hayo mengine uliyouliza, usajili wa kikundi, katiba, michango ipite kwenye namba ya nani, yaweke pembeni kwanza. Umeandika vijana wa kanisani kwenu Kasulu mnawapa chakula na nguo watu wanaovuka mpaka kutoka Burundi upande wa Manyovu, vizuri sana, Mungu awabariki, halafu kule chini ukatupia kama kitu kidogo tu kwamba Jumamosi kuna mama na wanae mnawapeleka kwa kaka yake Tabora na Noah ya jirani. Hapo ndipo nimeshtuka. Hiyo safari naijua, nilikaa kiti cha mbele.

Sisi tulikuwa kikundi cha Kigoma mjini, watu wa kawaida, fundi cherehani, walimu wawili, mwenye duka pale Mwanga. Tulikuwa tunapika uji, tunakusanya mablanketi, tunatafuta dawa za watoto. Hakuna aliyewahi kutuuliza kitu kuhusu uji. Wenyeviti wa vitongoji walikuwa wanatujua, wengine wanatuletea kuni. Siku moja akaja mama na watoto watatu na baba yake mzee, miguu ya yule mzee imevimba mpaka viatu haviingii, wana ndugu yao Tabora amekubali kuwapokea. Mratibu wetu akasema wapelekwe moja kwa moja, kambini watateseka bure. Nikauliza, je hawajaandikwa popote kama wakimbizi, si tutakamatwa? Akampigia simu jamaa yake anayejiita mwanasheria, akaweka spika wote tusikie. Jamaa akasema kwa kujiamini kabisa: kosa ni kumvusha mtu mpaka, akishakuwa ndani ya nchi ni abiria kama abiria wengine, vaeni vizibao vya kikundi, bebeni barua ya mchungaji, hakuna wa kuwagusa.

Mpaka leo nikikumbuka ile sauti damu inachemka. Kizibao! Kizibao kile hata mbuzi wa Mwanga hawakiogopi. Na huyo mwanasheria siku tuliyomhitaji simu yake ilikuwa haipatikani, na mratibu naye akageuka kusema alitushauri tu, uamuzi ulikuwa wetu.

Sikiliza sheria inavyofanya kazi kwa sababu hapa ndipo wengi wanadanganywa. Sheria ya Uhamiaji haiangalii mpakani peke yake. Kumsafirisha mtu aliyeingia bila utaratibu ni kosa hata kama umemkuta Uvinza, na kumficha ndani kwako ni kosa pia. Hao madereva wanaokamatwa wakiwa wamewabeba Waethiopia huko Mbeya na Kilimanjaro hawakamatwi mpakani, wanakamatwa barabarani katikati ya nchi, na hukumu zao tunazisikia redioni, faini milioni 20 au jela miaka 20, na gari linaweza kutaifishwa. Sasa wewe utasema sisi hatuchukui hela, tunasaidia. Ndivyo nilivyosema na mimi. Hakimu hawezi kuingia moyoni mwako, anaangalia kilichopo mezani.

Na kilichokuwepo mezani kwetu ngoja nikwambie. Kaka yake yule mama alituma hela ya mafuta kwa simu, ikaingia kwenye namba ya mratibu, mratibu akamtumia dereva. Kwetu ilikuwa ni mafuta. Kwenye jalada ikasomeka malipo, tena yenye muda na jina. Halafu meseji. Mratibu alikuwa na tabia ya kuandika kwa mafumbo akidhani anajificha, "mzigo upo tayari", "mzigo umepita Kidahwe". Mzigo ni mama mwenye mtoto mgongoni! Ofisa aliyekuwa anazisoma alizisoma taratibu, moja moja, na mimi nimekaa pale sina la kusema, kwa sababu hata mimi ningekuwa yeye ningeamini hawa ni wafanyabiashara ya watu.

Lakini kosa lililotugharimu zaidi ya yote lilifanyika kabla gari halijawaka. Mratibu aliwakalisha wale watu akawafundisha waseme wao ni Waha wa Heru Juu, wanakwenda msibani. Akasema Kiha na Kirundi ni ndugu, nani atagundua. Tulisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya Uvinza, na yule ofisa mwenyewe alikuwa Muha. Akamsalimia mama kwa Kiha, akamuuliza mwenyekiti wa kitongoji chao ni nani na msiba ni wa nani. Mama akajibu anajikwaa. Ofisa hakupiga kelele wala nini, akainama dirishani akamuuliza yule mtoto mkubwa, unasoma shule gani? Mtoto akataja shule yake ya Burundi, kwa furaha kabisa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfundisha mtoto kudanganya. Yule mama alifumba macho.

Unaona hasara yake? Kabla ya ule uongo yule mama alikuwa na haki kamili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa mtu siku 7 tangu aingie nchini aripoti, na si lazima aende ofisi kubwa, anaweza kuripoti kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani (ofisa anayetambuliwa na mahakama). Akiripoti, kule kuingia kwake bila karatasi peke yake si sababu ya kumfunga. Asiporipoti ndiyo linakuwa kosa. Sisi tulimlisha, tukamficha, siku zikapita, tukampa uongo wa kusema, kwa hiyo aliyekuwa mwomba hifadhi tukamgeuza sisi wenyewe kuwa mhamiaji haramu aliyekamatwa na madalali wake. Sisi tulipata dhamana. Ilisumbua kweli, wadhamini wenye vitambulisho vya NIDA, barua za serikali ya mtaa, lakini tulilala nyumbani. Yeye na watoto hawakuwa na mdhamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kesi yenyewe.

Dereva naye. Baba wa watu hakuwa hata mwanakikundi, aliambiwa kuna abiria wa Tabora. Noah yake ikakaa kituoni kama kidhibiti, jua na mvua, matairi yakakaa chini, na marejesho ya mkopo yanadai kila mwezi. Shauri baadaye liliondolewa mahakamani, wote tukaachiwa, lakini gari alilorudishiwa halikuwa kama lilivyokuwa mwanzo. Hatusalimiani, na simlaumu.

Nimeona umemtaja Scott Warren wa Arizona, Marekani, aliyeshtakiwa kwa kuwasaidia wahamiaji, kwamba alishinda kesi kwa hiyo kusaidia si kosa. Alishinda, ndiyo, lakini soma vizuri. Alikamatwa Januari 2018 kwa kuwapa wanaume wawili waliovuka mpaka chakula, maji na mahali pa kulala, baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana mwaka 2019, akarudishwa tena kizimbani ndipo Novemba akaachiwa. Karibu miaka miwili ya maisha, na alikuwa na mawakili pamoja na watu wa kumchangia dunia nzima. Wewe Kasulu una nani? Na yule mkulima wa Ufaransa aliyeshtakiwa naye kwa kuwasaidia wahamiaji, Cédric Herrou, mwaka 2018 Baraza la Katiba lao lilisema undugu ni msingi wa katiba, lakini hata hapo kumsaidia mtu kuvuka mpaka halikukuhalalisha. Na hizo ni nchi zao na sheria zao. Wewe utasomewa mashtaka Kasulu.

Mtu asije hapa kusema nawakataza watu huruma. Mwaka 2015 nilikuwa Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, Warundi walipokimbilia huku. Waliokuwepo wanakumbuka, maelfu kwa maelfu ya watu kwenye kale kaufukwe chini ya mlima, kipindupindu kimeingia, meli ya MV Liemba inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, wengine wanafikia uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Wana Kigoma walibeba watoto wa watu mgongoni, walitoa sufuria zao, na hakuna aliyeshtakiwa, kwa sababu kila kitu kilifanyika wazi na watu walikuwa wanaandikwa. Nchi hii Mwalimu Nyerere alipewa medali ya Nansen, tuzo ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mwaka 1983 kwa ajili ya kupokea wakimbizi. Wema hapa kwetu haujawahi kuwa kosa, tatizo linaanzia pale unapomficha mtu.

Najua utaniambia wakiripoti watarudishwa. Hofu hiyo siidharau, mambo yamebadilika, Januari 2017 iliondolewa ile ya kuwapokea Warundi kwa jumla, ikawa kila mmoja ahojiwe peke yake. Ndiyo maana nasema asiende peke yake. Muende naye kwa mtendaji, mbaki mpaka jina lake na tarehe aliyoripoti vimeandikwa, mpige picha ile karatasi kama mtaruhusiwa, na siku hiyo hiyo muwajulishe UNHCR, ofisi yao yoyote iliyo karibu. Mtu ambaye jina lake lipo mahali pawili ni vigumu kupotea kimya kimya. Mtu aliyelala kwenye stoo ya kanisa hata akirudishwa usiku hakuna atakayejua. Na hata akishakuwa mkimbizi halali bado hawezi kutoka kambini kwenda Tabora bila kibali, kwa hiyo habari ya kaka yake iombewe kibali, msiifanye ninyi na Noah.

Chakula toeni. Maji, nguo, dawa, hata simu ampigie ndugu yake, toeni hapo hapo alipo na mwenyekiti wa kitongoji akijua. Ila zaidi ya kwenda kwa mtendaji, asisogee na ninyi hata hatua moja mpaka ameandikwa, na akisogea asogezwe na wenye mamlaka hayo. Akiwa mgonjwa wa kufa mwiteni mwenyekiti au mtendaji apande nanyi gari moja mpaka kituo cha afya. Na msimfundishe maneno ya kusema, aseme alikotoka na kilichomkimbiza.

Habari za usajili watakujibu wengine hapa, mimi sizikumbuki vizuri. Wewe hesabu leo ni siku ya ngapi tangu huyo mama avuke, kama 7 hazijaisha kesho asubuhi muwe mmeshafika kwa mtendaji, kama zimeisha muende vilevile na umtafute msaidizi wa kisheria kabla ya kuingia. Na yule jirani mwenye Noah mpigie sasa hivi umwambie safari ya Jumamosi haipo, umweleze na sababu, maana yeye hajui amewekwa kwenye nini.